Chumvi ni kemikali, na muhogo je? Majaribio ya sayansi kwenye jiko la Kusini

Mwalimu wa sayansi akimwagiza mtoto afanye jaribio nyumbani, kwenye magrupu ya wazazi huzuka swali lilelile: hizo kemikali tutazitoa wapi, na hazitamdhuru mtoto? Huku Mtwara na Lindi swali hilo lina mizizi. Kemikali ambayo wengi tumeizoea ni salfa ya mikorosho, ule unga wa njano unaopulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho. Anayepuliza hujifunga kitambaa usoni, macho yanamwasha, na watoto wanafukuzwa shambani mpaka vumbi litulie. Aliyekulia kwenye mazingira hayo hahitaji kuelezwa kwa nini neno kemikali linamtia wasiwasi.

Halafu anaingia dukani, anakuta sabuni na mafuta ya kupaka yanauzwa kwa kauli ya "hakuna kemikali, ni asili tupu". Mtoto wa darasa la nne anakaa katikati ya hayo mawili. Shuleni anaambiwa kemikali ndiyo sayansi, nyumbani anaambiwa ni sumu, na tangazo linamwambia kuna vitu visivyo nayo kabisa.

Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 unasisitiza mtoto ajifunze kwa vitendo, kwa hiyo maagizo ya aina hii yatazidi kuja. Habari njema ni kwamba karibu kila kinachohitajika kipo kabatini, kwenye ndoo ya maji au chini ya mkorosho. Habari inayotaka uangalifu ni kwamba baadhi ya vitu vikali kuliko vyote jikoni kwetu havikutoka kiwandani. Nitafika huko.

Tuanze na maana. Kemikali ni kitu chochote chenye muundo wake maalumu: maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, sukari, siki, oksijeni tunayovuta, vyote ni kemikali. Chupa isiyo na kemikali ndani yake ingekuwa tupu kabisa, haina hata hewa. Kwa hiyo kuuliza kama kitu "kina kemikali" hakukupi habari yoyote. Maswali yenye faida ni matatu: ni kemikali gani, ni kiasi gani, na inaingia wapi, mdomoni, machoni au kwenye ngozi.

Badiliko la kikemia nalo ni nini? Chukua mkeka wa ukindu. Ukiukunja na kuuweka kwenye kona, bado ni mkeka. Ndivyo ilivyo sukari inapoyeyuka kwenye chai, maana ukiyakausha maji utaikuta sukari yako. Lakini ukiufumua mkeka na ukindu uleule ukausukia kikapu, una kitu kingine. Hakuna ukindu ulioongezeka wala uliopotea, ila kikapu kinabeba machungwa na mkeka haubebi. Ukindu huo ndio wanasayansi wanaouita atomu, na kule kufumua na kusuka upya ndiko badiliko la kikemia. Sodiamu ikiwa peke yake ni metali laini inayolipuka ikikutana na maji. Klorini peke yake ni gesi ya sumu, iliwahi kutumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Zikisukwa pamoja ni chumvi, ile inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu kwa kuyaacha maji ya bahari yakauke juani. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvichumvi.

Hata ile salfa ya mikorosho, atomu zake zimo kwenye kitunguu. Kinachokutoa machozi unapokikata kimejengwa kwa salfa ndani yake, na harufu ya yai bovu ni salfa pia. Hilo halimaanishi mtoto achezee mfuko wa salfa uliobaki msimu uliopita! Vumbi lake linawasha macho na kifua. Maana yake ni kwamba jina peke yake halitoshi kukuambia kama kitu ni hatari.

Kabla ya kuwasha jiko kuna sharti moja, na kwangu mimi ndilo linalotenganisha jaribio na mchezo. Badili kitu kimoja tu, vingine vyote viache kama vilivyo, kisha linganisha. Mtoto akimwaga siki kwenye soda ikatoka povu, ameona povu, basi. Akiweka glasi mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, ameuliza swali na amepata jibu. Na aandike anachotarajia kabla hajamimina, kwa kalamu ya wino, ili asije akabadilisha utabiri baada ya kuona matokeo. Watoto ni wajanja.

Doa la binzari na glasi za choya

Jaribio jepesi kuliko yote huenda umeshalifanya bila kukusudia. Mchuzi wenye binzari ya manjano umedondokea shati jeupe, ukalipaka sabuni ya mche, na doa la njano likageuka jekundu kama damu. Wengi hudhani sabuni imeunguza kitambaa. Haijaunguza chochote. Rangi ya binzari hubadilika inapokutana na vitu vya kundi la besi, na sabuni ni mmojawapo. Kamulia limau hapohapo, unjano unarudi, kwa sababu limau ni asidi, kundi la upande wa pili. Mpe mtoto kipande cha kitambaa cheupe kilichochovywa kwenye maji ya binzari na kukaushwa, apake sabuni kwa kidole kuchora jina lake, kisha alifute kwa limau.

Asidi kwa kawaida huwa chachu: limau, ukwaju, siki, ubuyu, maziwa mgando. Besi huteleza vidoleni: sabuni, maji ya majivu, magadi. Hatuzitambui kwa kuonja, na hapo ndipo inapofaa choya, yale maua mekundu yaliyokaushwa ya kutengenezea juisi. Chemsha kiganja cha choya kavu kwenye kikombe cha maji, acha ipoe, chuja. Wengi hukosea hatua inayofuata: humimina choya glasi nzima, wakatia chembe ya soda, wakaona rangi haibadiliki, wakasema jaribio limegoma. Choya yenyewe ni asidi kali kiasi, inaila ile soda kwanza, na ukisikiliza utasikia vipovu. Fanya kinyume chake. Weka maji ya limau, maji ya chumvi, maji ya soda, maji ya sabuni ya unga na maji ya majivu yaliyochujwa kwenye glasi mbalimbali, kila moja kiasi sawa, kisha dondoshea kila glasi matone machache ya choya, idadi ileile.

Limau litabaki jekundu la kung'aa. Soda itaelekea zambarau au bluu ya kijivu. Sabuni ya unga itatoa kijani, na majivu makali yanaweza kwenda kijani mpaka njano chafu. Kwenye chumvi choya inafifia tu, kwa kuwa chumvi haiko upande wowote. Huwa nafurahi mtoto akiuliza kama anaweza kuirudisha ile ya kijani iwe nyekundu. Anaweza. Atumie siki, na ahesabu matone.

Unga mweupe wa aina nne

Hapa wazazi huchanganya mambo, na safari hii machanganyo yana hatari. Jikoni na dukani kuna unga mweupe wa aina kadhaa, na majina yake yanaingiliana kiasi kwamba mtoto akitumwa "soda" anaweza kurudi na kitu kisichostahili kuwa mikononi mwake.

Beking soda ni besi dhaifu. Ukiitia asidi inatoa hewa ukaa papo hapo. Beking pauda ni soda hiyohiyo iliyochanganywa tayari na asidi kavu pamoja na wanga wa kuzuia unyevu, ndiyo maana inatoa vipovu kwa maji matupu. Magadi, yale mabonge tunayotia kwenye kisamvu au maharage yalainike haraka, ni ndugu wa soda lakini ni makali zaidi. Wa nne ni kostiki soda ya wanaotengeneza sabuni. Huo hauingii kwenye majaribio ya watoto kwa namna yoyote. Unaunguza ngozi na unaweza kumpofusha mtu, na ukitiwa kwenye maji yanachemka yenyewe. Kama nyumbani mnatengeneza sabuni, kopo lake lisikae rafu moja na unga wa maandazi, na lisiwe kopo lililowahi kuwa la chakula.

Hamira siihesabu humo, maana hiyo ni viumbe hai. Inakula sukari, inapumua hewa ukaa, na inataka muda na vuguvugu. Anayetaka kuona tofauti achukue chupa mbili ndogo za maji. Moja aitie hamira, sukari na maji ya vuguvugu. Nyingine soda na siki. Kila moja avalishe puto mdomoni. Puto la soda linasimama mara moja na halisogei tena. La hamira linalala kama limekufa, na baada ya saa moja hivi linaanza kuinuka polepole. Maji yaliyochemka kabisa yanaiua hamira, na hilo nalo ni jaribio: chupa tatu za hamira, moja maji baridi, moja vuguvugu, moja ya moto sana iliyomiminwa na mtu mzima.

Ila ninalolipenda zaidi ni puto la soda, kwa sababu linafundisha jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Weka siki robo kikombe kwenye kila chupa, bila kubadilisha. Chupa ya kwanza itie nusu kijiko cha chai cha soda, ya pili kijiko kimoja, ya tatu viwili. Uliza mtoto puto lipi litakuwa kubwa. Atasema la tatu, na hata mimi ningesema hivyo. La pili litalizidi la kwanza vizuri, lakini la tatu litakuwa karibu sawa na la pili. Soda ipo ya kutosha, siki ndiyo imekwisha. Ongeza siki kwenye chupa ya tatu na povu linaanza upya. Hivyo ndivyo kemia inavyofanya kazi kila mahali: kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua mwisho. Angalizo dogo: usifunge kifuniko cha chupa yenye povu linaloendelea. Puto linatanuka, kifuniko kinaruka au chupa inapasuka.

Kama una mshumaa mfupi, uwashe ndani ya bakuli lenye kina, kisha inamisha jagi lenye povu la soda na siki juu yake bila kuumwaga mchanganyiko wenyewe. Hakuna kinachoonekana kikimiminika, lakini mshumaa unazimika. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inashuka na kuufunika moto usipate oksijeni. Walio karibu na ufukwe waongeze jingine: makombe ya bahari yaliyopondwa, yakitiwa siki, hutoa hewa hiyohiyo polepole. Hata ganda jeupe linalojijenga ndani ya birika la chai ni jamii ya makombe, ndiyo maana siki au limau linaliondoa wakati steel waya imeshindwa.

Kuna imani imeenea mitandaoni kwamba kuchanganya soda na siki kunafanya dawa kali ya usafi. Povu linavutia, lakini soda na siki vimemalizana, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi isiyo na makali. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

Maji ya kisima na ya mvua

Hili ni fupi. Chukua chupa mbili zinazofanana, moja ya maji ya kisima cha pwani, nyingine ya maji ya mvua uliyokinga kwenye bati. Kwangua sabuni ya mche kiasi sawa, tia, tikisa mara kumi. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima mara nyingi itatoa povu haba na utando mweupe unaoelea. Mawe ya chokaa na matumbawe yaliyo chini ya ardhi yameyeyukia kwenye maji, na madini hayo yanaikamata sabuni kabla haijafanya kazi yake. Watu husema sabuni ni feki. Pengine ni feki kweli, lakini jaribio hili litakuambia kama kosa ni la maji. Usitumie sabuni ya unga hapa, maana imetengenezwa kwa namna isiyosumbuliwa sana na maji magumu, na tofauti haitaonekana vizuri.

Bibo, ukakasi na maji ya wali

Msimu wa korosho ukifika, mabibo yanadondoka kuliko yanavyolika. Yana vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini ukiuma bibo ulimi unakauka na koo linakaba. Huo ukakasi unatokana na kundi la kemikali ziitwazo tanini. Zimo pia kwenye chai ya rangi iliyokolea na kwenye ndizi mbichi. Tanini hunasa protini za mate, yale yanayoufanya mdomo uteleze, na mdomo unabaki mkavu hata kama umejaa juisi.

Kamua mabibo yaliyooshwa, chuja, gawa juisi kwenye glasi mbili. Glasi ya kwanza itie vijiko vichache vya maji mazito ya wali, yale ya kumwaga wali unapoiva, yakiwa yamepoa. Glasi ya pili itie maji ya kawaida kiasi kilekile. Usiiache hii ya pili bila kitu, maana mtu atasema ukakasi umepungua kwa sababu juisi imetiwa maji, na atakuwa na hoja. Koroga zote, ziache zitulie. Kwenye glasi ya maji ya wali utaona mawingumawingu yakishuka na kutengeneza tope chini, na juu juisi inang'aa. Chota ya juu, onja zote mbili. Wanga umezikamata tanini na kuzama nazo. Maziwa hufanya kazi ya namna hiyo kwenye chai, ila hayo hutumia protini.

Juisi iliyobaki iwekee msumari wenye kutu, iache hadi kesho yake. Inageuka nyeusi, kwa sababu tanini zikikutana na chuma hutoa rangi nyeusi. Mtoto anaweza kuandikia jina lake kwa kijiti. Hiyo si ya kunywa tena. Na kama juisi nyingine imesahaulika kwenye chupa siku kadhaa ikaanza kutoa vipovu, hamira za asili zilizokuwa kwenye ngozi ya bibo zimeanza kazi. Wakubwa wanajua huko ndiko kwenye uraka, pombe ya mabibo, kwa hiyo mwaga.

Wanga na mate

Nunua aidini duka la dawa, ile ya kahawia ya vidonda. Tone moja juu ya kipande cha muhogo mbichi linageuka bluu iliyokolea hadi nyeusi. Hiyo ni dalili ya wanga. Mpange mtoto sahani yenye ugali, wali, chumvi, sukari, nyama ya nazi na korosho iliyobanguliwa, atabiri kila kimoja kabla ya kudondosha. Korosho huwashangaza wengi. Tunaijua kwa mafuta yake, lakini ina wanga pia. Chochote kilichoguswa na aidini kinatupwa, hakirudi sahanini kwa mtu wala kwa kuku.

Kisha nenda hatua moja mbele. Pika uji mwepesi sana wa unga wa muhogo, uache upoe, ugawe kwenye vikombe viwili. Kimoja mtoto akitemee mate ya kutosha akoroge, cha pili akitie maji kiasi hicho. Subiri robo saa hadi nusu saa, kisha dondosha aidini. Cha maji kitakuwa bluu. Cha mate kitafifia au kisigeuke kabisa, maana mate yana kimeng'enya kinachokata wanga kuwa sukari. Ndiyo sababu muhogo ukiutafuna muda mrefu unaanza kuwa mtamu.

Visivyojaribiwa

Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake ukichoma korosho kienyeji unawasha macho na kifua. Wanaobangua kwa mkono wanajua, hujipaka mafuta au majivu vidoleni. Mtoto aliyeuma korosho mbichi na ganda lake hubaki na vidonda midomoni. Hakuna kiwanda kilichoyatia humo. Mkorosho wenyewe umeyatengeneza kujilinda, na mwembe, ambao ni wa ukoo wake, una utomvu wenye tabia kama hiyo.

La pili: dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isichanganywe na siki, limau wala dawa ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unafungulia klorini, gesi niliyoitaja juu, na chumba kidogo kinatosha kumdhuru mtu. Mtoto aliyefurahishwa na povu la soda atataka kujaribu kila chupa ya bafuni. Mwambie mapema, na chupa zikae juu.

Muhogo mchungu

Sasa lile swali la kichwa cha habari. Muhogo ni wa asili tupu, haukupulizwa dawa, umechimbwa nyuma ya nyumba. Ndani yake kuna kemikali iitwayo linamarini, iliyofungiwa chumba chake, na kimeng'enya kilichofungiwa chumba kingine. Mdudu akitafuna, au wewe ukitwanga, kuta zinavunjika, viwili vinakutana, na mwishowe inatoka sianidi, sumu inayojulikana dunia nzima. Muhogo mtamu una kidogo, ule mchungu una nyingi. Majani nayo yanayo, na bibi zetu walipokuwa wanatwanga kisamvu mpaka kinalainika kabisa kabla ya kukibandika, walikuwa wanaitoa.

Hapa ndipo imani moja huumiza watu: kwamba kuchemsha tu kunatosha. Kwa muhogo mtamu, sawa. Kwa mchungu uliokatwa mapande makubwa na kutupiwa kwenye maji yanayochemka, joto linakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na linamarini nyingi inabaki ndani. Sianidi yenyewe ni gesi, inaondoka kirahisi ikishaachiliwa. Tatizo ni kuiachilia. Ndiyo maana njia za zamani zote huanza kwa kuvunja na kusubiri: kuloweka siku kadhaa, kutwanga, kukuna, kuvundika, kisha kuanika. Makopa yaliyokaushwa harakaharaka juani bila hatua hizo hubaki na sumu nyingi kuliko yanavyoonekana, maana ni meupe na mazuri tu.

Njaa inapobana, hatua hukatwa. Mkoa wa Mtwara ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zilizorekodi konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, hasa kwa watoto na kina mama, na miguu hairudi ilivyokuwa. Hutokea watu wanapokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki mfululizo huku mboga zenye protini zikiwa haba, kwa kuwa mwili unahitaji salfa iliyomo kwenye protini ili kuidhibiti sianidi. Salfa tena.

Mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake walipata njia rahisi ya kuusafisha unga ambao tayari umeshasagwa, na hii mtoto mkubwa anaweza kuifanya pamoja na mama yake kama kazi halisi ya nyumbani. Tia unga wa muhogo kwenye bakuli, weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji ukikoroga. Mwanzoni unga utashuka chini ya alama, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye sinia au mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kilichobaki kwenye unga kinaamka kikipata maji, kinaimaliza linamarini, na gesi inapaa. Ndiyo sababu utandazwe mwembamba, na uwe mahali penye hewa, si jikoni ndani na mlango umefungwa. Sianidi hupungua mara tatu hadi sita.

Unga huo upikwe ugali siku hiyohiyo. Ukilala na unyevu wake utachacha, na utakuwa umeanzisha jaribio jingine.